Dhahabu ipo Nyamongo, kupima matiti hakuna

Makamanda, leo naanzia kwenye titi la mama mdogo wangu.

Alipata uvimbe mdogo, hauumi. Zahanati moja huku kwetu Tarime wakampa vidonge vya maumivu. Vya maumivu gani sasa, na uvimbe hauumi? Majirani wakasema karogwa. Mwaka ukakatika. Anafika Bugando, Mwanza, ng'ombe wawili wameshauzwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuchunguzwa matiti na mhudumu wa afya ni kama 5 tu kwa kila 100. Tano!

Watawala wanatuambia tatizo ni mila. Sikatai. Wapo wanaosubiri mume aruhusu, wapo wanaoona aibu kuvua blauzi mbele ya daktari mwanaume. Lakini uchunguzi wa mwanzo ni mikono ya nesi aliyefundishwa, wala si mashine. Mama wa Mugumu anatembea mpaka kliniki na mtoto mgongoni, mtoto anapimwa uzito, mama anarudi nyumbani. Nani amewahi kumwambia, "na wewe njoo tukuangalie"? Hiyo nayo ni mila ya Wakurya?

Pesa hakuna? Nyamongo dhahabu inatoka kila siku. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri kwa kuangalia vipaumbele vya halmashauri. Kwa hiyo diwani anayelia bajeti tumuulize: kipaumbele uliandika nini?

Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya kupata msaada wakati wa maradhi. Mwaka wa kwanza chuoni niliipenda sana, mpaka nikasoma ibara ya 7(2): mahakama haiwezi kuisimamia. Haki ya kupamba ukurasa. Mkiulizwa katiba mpya ya nini, tajeni hiyo.

Na sisi tusijifiche. Mikutano yetu tunaimba dhahabu, tunaimba tume ya uchaguzi, neno matiti mwanaume jukwaani halimtoki, tunacheka.

Kikao kijacho cha baraza la madiwani nitakaa viti vya nyuma na Sheria ya Madini mkononi. Mama mdogo kasema atakuja, kama dripu za wiki hiyo hazijamlaza.