Kipulizio cha Umeme: Je, Kweli Huongeza Nguvu ya Gari?

Huenda nawe umekwisha kukiona. Ni kifaa chenye ukubwa wa kopo la maziwa. Ndani yake mna feni ndogo na mota, na nje zimening'inia nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Muuzaji hukiunganisha na betri kikavuma kama nyigu, kisha hukuambia uweke kiganja mbele yake. Upepo unausikia kweli. Hapo ndipo huambiwa kwamba ukikifunga kwenye bomba la hewa la gari lako, injini itapata pumzi mpya, vilima vitakuwa tambarare, na hata mafuta yatapungua. Jirani yangu mmoja, ambaye gari lake dogo ndilo lipelekalo watoto shuleni asubuhi na kubeba mizigo ya duka la mkewe mchana, alitoa karibu fedha zote alizokuwa ameziweka kwa ajili ya matairi, akakinunua. Kabla nawe hujatoa zako, tupige hesabu pamoja.

Wazo lenyewe si la uongo. Injini hula hewa nyingi kupita mafuta inayokunywa. Lita moja ya petroli, ili iungue sawasawa, huhitaji hewa ipatayo lita 9,000. Kwa hiyo mwenye kutaka nguvu zaidi hana budi kwanza kuingiza hewa zaidi. Kuongeza mafuta ni kazi rahisi. Madereva wa njia ya Dar es Salaam hadi Mbeya walijua hili bila kusoma kitabu. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja hivi kati ya sita. Injini ijivutiayo hewa yenyewe hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Lori lenye tabo halipati shida hiyo sana, kwa kuwa moshi wake, ambao vinginevyo ungepotea bure, huzungusha gurudumu moja, nalo huzungusha jingine lishindilialo hewa ndani ya injini. Ubunifu huo ni wa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepewa hataza yake mwaka 1905.

Swali letu basi ni moja tu: je, umeme wa gari waweza kufanya kazi ile ifanywayo na moshi?

Chukua injini ya petroli ya lita moja na nusu. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa kiasi cha lita 70 kila sekunde; pipa zima la lita 200 humalizika kwa sekunde tatu. Kuishindilia hewa hiyo mpaka kanieneo yake iizidi ya kawaida kwa nusu, jambo ambalo lingeongeza nguvu ya injini kwa robo hivi, kunahitaji mota ya wati 5,000 hadi 6,000. Pasi ya umeme ya nyumbani hula kama wati 1,000. Ni sawa na kuwasha pasi tano au sita kwa wakati mmoja. Na alteneta yako je? Ile ya ampea 80 hutoa wati 1,100 hivi inapozunguka vizuri. Hiyo ni pasi moja, na humo humo taa, plagi, pampu ya petroli na feni ya rejeta nazo zadai haki yao.

Utasema tuchote kwenye betri. Kwa volti 12, wati 5,000 ni ampea zaidi ya 400. Stata ya gari dogo, ambayo hakuna dereva mwenye akili anayeishikilia kwa zaidi ya sekunde chache, haifikii nusu ya hizo. Betri ya kawaida ingekauka kabla hujaumaliza mlima wa Kitonga, na nyaya nyembamba kama zile za kifaa cha jirani yangu zingeungua kabla ya betri kukauka. Tena ukifunga alteneta kubwa, kumbuka inazungushwa na mkanda wa injini ile ile unayotaka kuisaidia.

Ukitaka kumpima muuzaji bila ugomvi, mwombe akuonyeshe fyuzi. Ikiwa imeandikwa ampea 10, zidisha kwa volti 12: wati 120. Hiyo ni nguvu ya balbu mbili za taa za mbele. Kisha rudia lile jaribio la kiganja, ila safari hii uzibe mdomo wa kifaa kabisa. Mkono hautasukumwa. Feni ya namna hii huhamisha hewa pasipo na upinzani, kushindilia haiwezi. Nawe ukikanyaga mafuta, injini itavuta hewa kwa kasi kuliko feni inavyoisukuma, na feni itakuwa kama mtu aliyesimama mlangoni wakati watu wanataka kupita. Bawa lake likivunjika, vipande vitaelekea kwenye vali.

Hata hivyo vipulizio vya umeme vya kweli vipo. Mwaka 2016 kampuni ya Audi ya Ujerumani ilitoa gari la SQ7, la dizeli, lenye kipulizio cha wati 7,000 kiwezacho kufikia mizunguko 70,000 kwa dakika katika robo ya sekunde. Lakini tazama walivyolazimika kufanya: waliliwekea mfumo wa pili wa umeme wa volti 48 na betri yake maalumu. Na baada ya yote hayo hawakukiachia kipulizio kazi yote. Gari lina tabo mbili. Kipulizio huziba tu ule upungufu wa muda mfupi kabla moshi haujapata nguvu ya kuzizungusha, kisha hupumzika. Mercedes-Benz nao walifuata njia hiyo hiyo mwaka 2017. Kwa kazi hiyo ya muda mfupi umeme unafaa sana. Hayo yote hayaingii katika kopo lenye nyaya mbili.

Jirani yangu alisema siku ya kwanza gari limechangamka. Simcheki. Sikio likisikia mvumo, mguu nao hukanyaga zaidi. Jumapili iliyofuata alipanda kilima na familia yake yote, na pale pale alipokuwa akirudi gia ya pili siku zote, akairudi. Baada ya majuma mawili alikwenda gereji. Fundi alikiondoa kifaa, akafungua chujio la hewa akalikuta limejaa vumbi jekundu, na gurudumu moja la nyuma breki yake inabana. Chujio jipya na kuachanisha breki vilimgharimu chini ya robo ya bei ya kipulizio, na kilima sasa hukipanda kwa gia ya tatu. Matairi bado hajanunua. Kipulizio kimeunganishwa na betri kuukuu nyuma ya nyumba, ambako mkewe hukitumia kuwashia jiko la mkaa.