Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kiambu: Tuambiwe Samaki Ametoka Wapi

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mfugaji wa samaki Gatuanyaga, na soko langu ni Thika na Ruiru. Sikuombi upige marufuku samaki wa kutoka China. Mamlaka hayo yako Nairobi, na huko yalishajaribiwa: Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitaka samaki hao wazuiwe, China ikalalamika, na haukupita muda mrefu katoni zikarudi sokoni.

Ombi langu liko ndani ya uwezo wako, kwa kuwa Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti masoko na uvuvi. Mtu anayenunua samaki Makongeni au Githurai ajue ametoka wapi.

Leo hajui. Katoni ikitoka kwa muuzaji wa jumla Gikomba ina maandishi ya nchi ilikotoka. Ikifika kibandani, samaki humwagwa kwenye karai, barafu ikayeyuka, katoni ikatupwa, na kuanzia hapo wote ni tilapia tu. Wakishakaangwa ndiyo basi. Simlaumu mama samaki hata kidogo. Katoni humpa samaki wa saizi moja siku zote, ameshaparuliwa na kutolewa matumbo, na bei anaijua tangu jana. Sisi wafugaji humletea wengi wiki hii, halafu tunapotea miezi miwili, naye ana karo ya kulipa.

Lakini mnunuzi naye ana haki yake. Samaki aliyevuliwa alfajiri kidimbwini ana mashavu mekundu na jicho linalong'aa, na ukimbonyeza kwa kidole nyama inarudi. Yule wa katoni amekaa melini wiki kadhaa kabla ya kufika Mombasa, na sehemu ya uzito unaolipiwa huondoka na maji barafu inapoyeyuka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wote ni aina moja, tilapia wa mto Nile, samaki wa Afrika aliyepelekwa mbali kufugwa, na sasa tunauziwa sisi.

Utaniuliza kwa nini basi hatuzalishi wa kutosha. Maji ya huku kwetu ni ya baridi. Tilapia huchukua miezi minane au zaidi kufikia saizi ya sahani, na chakula chake pekee hula zaidi ya nusu ya gharama. Samaki akishakomaa na mnunuzi hayupo, kila siku anayobaki majini anakula faida. Ndiyo maana mfugaji huvua wote kwa mpigo na kuuza kwa bei yoyote, kisha anakata tamaa. Mpango wa serikali wa 2009 wa kuchochea uchumi ulichimba vidimbwi 200 vya mita mraba 300 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, ukagawa vifaranga, ukahimiza watu wale samaki. Mnunuzi wa uhakika hakutafutwa. Vidimbwi vingi vya wakati ule sasa vimeota nyasi.

Mnunuzi huyo unaweza kuwa wewe, Mheshimiwa. Hospitali ya Thika Level 5 na hospitali ya Ruiru hupika kila siku. Zikiweka mkataba wa samaki wa vidimbwi vya Kiambu, hata mara moja tu kwa wiki, mimi na majirani zangu tutapangiana zamu za kupanda vifaranga na kuvua. Zamu hizo hizo ndizo zitakazomhakikishia mama samaki mzigo wa kila wiki, naye ataweza kuchagua bila kuhatarisha mtaji wake.

Kwa hiyo naomba mawili: kibao kwenye kila meza ya samaki katika masoko ya kaunti, kinachosema ni wa kidimbwi, wa ziwa au wa kutoka nje, na mkataba wa hospitali hizo mbili, uingizwe katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Maafisa wako wa uvuvi wakitaka orodha ya wafugaji walio tayari huku Gatuanyaga, tutawaandalia.

Wako,
Mfugaji wa samaki, Gatuanyaga, Thika