Ramani ya GPS haijui theluji

Jamani, najua hapa Nairobi hakuna theluji. Lakini sisi tunaoandika programu tuna la kujifunza kwa wale wanaoendesha pikipiki za theluji katika milima ya Colorado na British Columbia, mbali kabisa na barabara.

Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na kosa la takribani mita 100 likapungua sana. Hilo ni jambo jema. Ukungu ukitanda mlimani, mstari kwenye skrini unakurudisha ulikotoka.

Tatizo ni kwamba mstari huo unafanana na ruhusa. Aliyeurekodi huenda alipita juzi, kabla theluji mpya haijaanguka. GPS inajua ulipo, haijui kama tabaka la chini limelegea. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mashine moja tu yaweza kuyaanzisha.

Maoni yangu ni haya: programu isiyoipaka rangi miteremko hiyo, wala kumwelekeza mtu kwenye taarifa za hatari za siku hiyo, kama zile za Avalanche Canada, haijakamilika hata ikiwa na njia elfu moja. Ramani nazo zipakuliwe nyumbani. Huko juu mara nyingi hakuna mtandao, na baridi humaliza betri ya simu upesi.

Mwendeshaji naye abebe ramani ya karatasi, koleo, na kifaa kitakachowawezesha wenzake kumpata akifukiwa. Dakika za kumwokoa ni chache, na setelaiti haichimbi.