Windows na Linux katika ordinatere moja



Makundi yetu mengi yana ordinatere moja tu, ya okazio, na ndani yake kuna hesabu za MUSO, majina ya wanamemba na barua zote. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imemaliza muda wa kuitunza Windows 10. Windows 11 inadai RAM ya giga 4 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Basi fundi anasema: «Nunueni ingine», ama: «Nifute yote niweke Linux.»

Kuna njia ya tatu: kuacha Windows fasi yake na kuweka Linux kando. Sistemu ndiyo programu kubwa inayoamsha mashine na kuongoza zingine. Disiki moja inaweza kubeba mbili, kila moja na chumba chake. Linux Mint ni ya bure, inasema Kifaransa, na inakuja na LibreOffice, inayofungua kazi za Word na Excel.

Faida yake ni hii: intaneti na masomo ya watoto vinafanyika katika Linux, yenye kupata marekebisho, hesabu zinabaki katika Windows, bila kuunganishwa na intaneti.

Lakini fundi asiguse kitu mbele ya haya:

1. Kopi. Hesabu zote ziwekwe kwenye flashi. Fungueni flashi hiyo katika mashine ingine, muone kama kweli zinasomeka. Mweka hazina aende nayo kwake.

2. Fasi. Linux Mint inaomba giga 20 kwa uchache. 100 ni bora.

3. Ufunguo. Kama disiki imefungwa na BitLocker, andikeni namba zake za kufungulia kwenye karatasi.

4. Umeme. Batri ijae. Umeme ukikatika wakati disiki inagawanywa, vilivyomo vinaweza kupotea.

5. Mpango. Windows inatangulia, Linux inafuata. Ukigeuza, Windows inaficha mlango wa Linux.

Siku ya kazi, wamama wawili wakae karibu na fundi. Mashine itauliza kama Linux iwekwe kando ya Windows ama disiki ifutwe. Mkiona neno «effacer», msimamishe mkono wake. Hapo ndipo hesabu za miaka zinapotea kwa dakika chache.

Baada ya hapo, kila mukiwasha mtaona orodha: mnachagua kwa mshale, mnabonyeza. Ukitoka Linux kuingia Windows, saa inaweza kurudi nyuma kwa saa 2 hapa kwetu mashariki. Mashine haijaharibika: sistemu hizo mbili zinasoma saa kwa namna tofauti, na fundi anaweza kuzipatanisha. Mwambieni afanye hivyo mbele ya kulipwa, juu tarehe na saa ya malipo ni ushuhuda katika MUSO.

Neno la mwisho. Vyumba viwili si kufuli. Mtoto aliye katika Linux anaweza kufungua kazi zilizo upande wa Windows, kama disiki haikufungwa. Kwa hiyo wekeni neno la siri kwenye daftari la hesabu lenyewe, na flashi ya kopi ifanywe upya kila kikao.

Juma jema, wamama.