Mafuta ya samaki sio chanjo ya watoto wa nguruwe

Wafanyabiashara wenzangu wa chakula cha mifugo hapa Musoma, Bunda na Butiama, leo wengine hamtanipenda. Ile biashara ya kujaza mafuta ya sangara kwenye chupa za maji na kumwambia mfugaji "wape watoto wa nguruwe, hawataugua", tuiache.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi nimeziuza. Mama mmoja wa Kiabakari alinunua chupa tatu. Nguruwe wake akazaa nane, dhaifu, yeye akakazana kuwanywesha mafuta badala ya kuwasogeza kwenye chuchu. Watano wakafa. Hakunigombeza hata kidogo, alikuja tu na chupa moja ambayo hajaifungua akaiweka mezani. Nikamrudishia hela ya zote tatu.

Afisa mifugo ndiye alinielewesha. Kumbe mtoto wa nguruwe anazaliwa hana kinga kabisa, maana kinga ya mama haipiti kwenye kondo. Anaipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, na utumbo wake unaipokea ndani ya saa 24 tu hivi. Ukimjaza mafuta muda huo umemnyima nafasi.

Sio kwamba samaki hana kazi. Ana kazi kwa mama. Watafiti wameona nguruwe akilishwa mafuta ya samaki mwishoni mwa mimba na akinyonyesha, omega-3 inaingia kwenye maziwa na kufika kwa watoto. Ila kama hiyo inazuia magonjwa, majibu yao hayafanani. Sasa wewe wa Mwigobero unaahidi kwa uhakika gani? Na homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia bandani, haina tiba. Mteja aliyeamini chupa yako ataacha kuzuia wageni na mabaki ya kitimoto.

Hela ipo kwenye dagaa wazuri. Nunua waliokaushwa kwenye chanja, wa kwenye mchanga unauza mchanga kwa kilo. Vunja mmoja unuse: akiwa na ukakasi, mafuta yake yameharibika, na mafuta yaliyoharibika yanaua vitamini E kwenye chakula. Mimi masika sinunui gunia, nachukua debe debe, maana chini ya bati langu lile joto halina huruma. Faida inapungua kidogo, lakini situpi mzigo.

Na mwambie mteja ukweli huu pia: nguruwe wa kuchinjwa aachishwe dagaa wiki chache kabla, la sivyo nyama inanuka samaki na mchoma kitimoto hatarudi kwake.

Yule mama bado ananunua kwangu. Dagaa, pumba na mashudu. Kila akija lazima avunje dagaa mmoja anuse kwanza, mbele ya wateja wengine, na mimi namwacha.