Je, Kitabu Hufa Mtihani Ukiisha?

Wahenga walinena kuwa tembea uone. Tangu niingie kidato cha kwanza, likizo zangu nimezipitisha jijini Nairobi, kando ya barabara ya Tom Mboya, nikimsaidia mjomba wangu kuuza vitabu vya mitumba. Duka letu halina mlango wala rafu. Vitabu tunavitandaza chini juu ya nailoni, na mteja sharti ainame ndipo aone anachokitaka. Ndiyo maana watu wa jiji huyaita maduka ya namna hii "Inama".

Wanachama wenzangu, liko jambo moja ambalo limenikera sana pale chini. Sisi wanafunzi hununua kitabu cha Kiswahili kama mtu anunuavyo tikiti ya basi. Safari ikiisha, tikiti hutupwa.

Tazameni hali ilivyo. Mwanafunzi akifika, hata kabla ya salamu huuliza, "Uko na Bembea?" Yaani Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Mwingine naye, "Nguu iko?" Huyo ataka Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi. Mjomba akimwonyesha kitabu kingine, tuseme Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, huja swali ambalo nimelisikia hata nikachoka: "Hiyo inatahiniwa?" Akiambiwa la, hukirudisha chini upesi kana kwamba kimemchoma vidole.

Kigogo ya Pauline Kea na Chozi la Heri ya Assumpta Matei ziligombaniwa zilipokuwa vitabu teule. Sasa zinapigwa na jua tu. Mwuza njugu ndiye huja kuuliza bei, tena si ya nakala moja bali ya rundo zima, maana karatasi zake zafaa kufungia njugu. Jamani! Maneno ni yale yale, wahusika ni wale wale. Kilichobadilika ni orodha tu.

Likizo ya Aprili alikuja makanga mmoja wa matatu. "Mzee, uko na Siku Njema?" Mjomba alichakura, akaitoa chini kabisa ya rundo, jalada limeng'oka. Yule makanga alilipa shilingi 150 bila kuteta bei. Alituambia kwamba aliacha shule kwa kukosa karo kabla darasa lao halijaimaliza, na tangu siku hiyo hajajua yule Kongowea aliishia wapi. Riwaya hiyo ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, naye mwandishi akaaga dunia mwaka 2020. Makanga huyo hana mtihani wowote unaomngoja. Basi nauliza, kati yake na sisi tunaovaa sare, nani msomaji wa fasihi?

Najua wapo watakaonipinga. Watasema vitabu ni ghali, na hapo hawajakosea sana, kwani sheria ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu kodi ya VAT ya asilimia 16. Lakini hiyo ni hoja ya kitabu kipya cha dukani. Kwetu "Inama", riwaya kuukuu huuzwa hata kwa shilingi 100, pesa za chipsi ambazo huisha kabla ya kengele kulia. Wengine watasema masomo ni mengi. Kweli ni mengi. Hata hivyo, insha nzuri hutaka msamiati, nao msamiati haupatikani katika vitabu vitatu vilivyosomwa kwa hofu.

Isitoshe, mwaka 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Jambo hilo ni jema kwa wazazi wetu, silipingi. Ila tangu hapo mwuza vitabu wa mtaani humtegemea zaidi msomaji wa hadithi, na huyo ndiye adimu. Mjomba ameanza kusema kwamba mwakani atauza viatu, kwa sababu hakuna aulizaye kama kiatu kinatahiniwa. Akiondoka yeye na wenzake, yule makanga ataenda wapi?

Pendekezo langu ni hili. Kila mwaka chama chetu huchanga pesa za safari. Tutenge shilingi 2,000 tu kati ya hizo, tununue vitabu 20 vya Kiswahili, tuviweke katika kabati la chama. Sharti liwe moja: kisiwemo hata kimoja kinachotahiniwa mwaka huo. Nao ndugu zetu wa kidato cha nne, badala ya kuviuza vitabu vyao mwezi wa Novemba, watuachie. Mjomba atakosa mzigo kidogo hapo, lakini nadhani ataniwia radhi, kwa kuwa anayezoea kusoma hatakosa kuinama siku moja.

Haba na haba hujaza kibaba. Wenzangu, mwaonaje? Kiswahili kitukuzwe!