Kodi ya Nyumba: Mpaka wa Kweli si wa Jimbo

Nchi za kibepari hupenda kujisifu kwamba humo kila raia yu huru kununua nyumba yake. Yafaa basi tuutazame uhuru huo katika Ujerumani, mojawapo ya nchi tajiri za Ulaya, tuone humgharimu nini mfanyakazi wa kawaida.

Anunuaye nyumba huko hulipa bei, kisha huilipa serikali ya jimbo kodi ya uhamisho wa milki. Kodi hiyo si moja nchini kote. Katika jimbo la Bayern ni asilimia 3.5 ya bei. Katika Nordrhein-Westfalen, Brandenburg na Saarland ni asilimia 6.5. Kwa nyumba ya Euro 400,000, mnunuzi wa Bayern hutozwa Euro 14,000, na mwenzake wa Saarland Euro 26,000. Nchi ni moja na bei ni moja, lakini kwa sababu ya mpaka wa jimbo mmoja amelipa Euro 12,000 zaidi.

Hili si jambo dogo. Kwa kawaida benki hukopesha kwa ajili ya nyumba yenyewe. Kodi mnunuzi hutakiwa aitoe katika akiba yake. Hivyo mtu ambaye mshahara wake watosha kulipa mkopo kila mwezi aweza kuzuiwa mlangoni kwa kukosa fedha za kodi tu.

Chanzo chake ni nini? Tangu 1997 kiwango kilikuwa kimoja, asilimia 3.5. Mwaka 2006 katiba ilirekebishwa, na kila jimbo likapewa uwezo wa kujipangia. Berlin ilitangulia kupandisha mwaka 2007, na mengine yakafuata. Bayern, lenye hazina nono, halikupandisha. Majimbo yasiyo na utajiri huo yalishika njia pekee iliyokuwa wazi, kwani hakuna kodi nyingine kubwa ambayo jimbo laweza kuipangia kiwango lenyewe. Kweli, Thüringen ilishusha kutoka asilimia 6.5 hadi 5 mwaka 2024. Lakini mwaka mmoja kabla, Sachsen ilikuwa imepandisha kutoka 3.5 hadi 5.5.

Wapo watakaosema kuwa mashindano ya majimbo ni mazuri, kwani mwananchi aweza kuchagua. Hoja hiyo ni dhaifu. Mfanyakazi huishi karibu na kazi yake. Hawezi kuibeba nyumba kichwani akavuka nayo mpaka kutafuta kodi nafuu.

Awezaye kuchagua ni bepari, naye hahitaji hata kuhama. Yeye hanunui nyumba. Hununua hisa za kampuni inayomiliki nyumba. Hadi katikati ya 2021, aliyechukua chini ya asilimia 95 ya hisa, na kumwachia mshirika zilizobaki, hakulipa kodi hii hata senti moja. Tangu Julai 2021 kikomo ni asilimia 90. Tundu limepunguzwa, halikuzibwa. Majumba yenye mamia ya wapangaji yaweza kubadili mwenyewe bila kodi, ilhali mwalimu anunuaye vyumba viwili hulipa yote.

Kwa hiyo mpaka ulio mkubwa kuliko ule wa Bayern na Saarland ni ule unaomtenga anunuaye nyumba ili alale na anunuaye nyumba ili achume.

Sisi Tanzania ardhi yetu ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Iwapo siku moja atatokea wa kushauri kwamba kila mkoa ujipangie kodi ya namna hii, na akumbushwe Saarland. Na kabla hatujamdai mnyonge nyongeza ya shilingi moja, tuhakikishe kwanza kwamba mwenye kampuni amelipa ya kwake.